Milingoti ya Goli

Mwalimu wetu wa uchomeleaji ndiye aliyekuwa pia kocha wa mpira wa Kimarekani katika shule yetu ya ufundi, hapa Cleveland. Vidole vyake vilijaa makovu ya cheche. Kabla ya kila mechi alipapasa milingoti ya goli, kiungo kwa kiungo, kwa kuwa wanafunzi wake ndio walioichomelea karakanani. Hata sifa aliitoa kwa sauti ya karipio.

Jiji lilipoifunga shule, walikuja vibarua wawili na msumeno kukata milingoti.

"Mzee, kaa pembeni, chuma kitakuangukia," mmoja alimwambia.

"Nani mzee? Weka msumeno wako chini. Nitaikata mwenyewe, kwa gesi."

Mlingoti wa kwanza aliukata. Kwenye wa pili alisita, akavua glavu, akashika kiungo kimoja.

"Hiki ni cha Devonne," aliniambia. Devonne, mchezaji wetu mwenye mbio kuliko wote, aliuawa kwa risasi mwezi Aprili akisubiri basi. "Nilimwambia hakifai, arudie. Akarudia mara nne, bila kununa. Kilifaa tangu mara ya kwanza."

Alishusha kinyago cha kuchomelea usoni, akawasha moto, akakata. Mlingoti ulianguka. Kinyago hakukivua mpaka vibarua walipoondoka.