Ngozi Isiyo na Mnyama

Miaka ya hamsini, lori la kwanza lenye viti vya plastiki lilipofika Garissa, tajiri alituambia kwamba viti vile ni vya ngozi. Tajiri huyo alikuwa Mwarabu mwenye duka karibu na soko la mifugo, nami nilikuwa mmoja wa madereva wake wanne. Ufunguo akanipa mimi. Wenzangu walinuna siku tatu, na sitadanganya, kununa kwao kulinifurahisha.

Neno hilo "ngozi" ndilo lililoniponza. Mtoto wa mfugaji hafundishwi habari za ngozi. Anajua kwamba ikikosa mafuta, jua litaipasua. Basi sikumwuliza mtu. Nilinunua mafuta ya mkia wa kondoo, nikapaka kiti chote na milango kwa ndani, nikasugua mpaka vikang'aa, kisha nikaondoka kwenda Elwak nikiimba.

Niliporudi sikuwa naimba. Mafuta hayakuingia popote. Yalibaki juu, yakanasa vumbi jekundu la njia nzima, na nyuma ya vumbi wakaja sisimizi. Mle ndani mlinuka kama bucha iliyosahaulika kufunguliwa. Tajiri alifungua mlango, akaufunga tena.

"Wewe nabaka mafuta kwa kiti?" akaniuliza polepole, kwa lafudhi yake ya kugeuza p kuwa b. "Sikia. Siku ya Idi mimi nabanda hii gari na kanzu mbya, nyeube. Kanzu ikichafuka, funguo acha habo habo. Rudi kwa ngamia."

Idi ilikuwa imebakiza siku tisa. Kurudi kwa ngamia si aibu, baba yangu aliishi na kufa nao, lakini mimi nilikwisha kuonja usukani. Niliogopa sana. Nikalipeleka lori nyumbani, nikachota mchanga wa mtoni tunaosugulia sufuria, nikainama niuanze mlango.

"Mwambie mumeo aweke mchanga chini."

Ilikuwa sauti ya mama mkwe. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala hawasemezani moja kwa moja, ndiyo heshima. Alikuwa amesimama upande wa pili wa lori, ametupa mgongo, mke wangu akiwa katikati yetu. Kwa kazi ya ngozi alijulikana mpaka Griftu, na mimi mjuaji sikuwahi kumfikiria.

"Mwulize, hii ni ngozi ya mnyama gani?"

Mke wangu akaniuliza, ingawa nilikuwa nimesikia vizuri. Nikasema sijui, nikasogea mbali ili mama apate nafasi. Alipanda, akapitisha ukucha juu ya kiti, akapindua pindo la chini akalitazama kwenye mwanga. Kisha akacheka, na hakufanya haraka kumaliza.

"Mwambie hakuna hata tundu moja la unywele. Kitu hiki hakijawahi kuwa hai, hakina kiu. Ya nini kukinywesha mafuta?"

Basi nikafundishwa kupitia kwa mke wangu, neno baada ya neno: maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa laini cha pamba; kwenye mishono, kijiti cha mswaki kilichotafunwa kikalainika, kisha kufuta mpaka pakauke. Nilikesha na hamu ya kusugua kwa nguvu, nikakatazwa kila asubuhi. Siku ya nne sisimizi walihama.

"Adui yake ni jua," mama alisema. "Lori likisimama, afunike kiti na aache dirisha wazi kidogo." Akaenda kwenye nyumba yake, akatandua mkeka mzito wa nyuzi za magome uliofunika paa, akaukata kwa kipimo cha kiti na kuushona upya, upande laini ukalala chini. Nilipoona jua linaingia kwake kupitia pale alipoutoa, nilishikwa na haya.

Siku ya Idi, baada ya sala, tajiri alikuja na kanzu inayoumiza macho. Madereva wenzangu walimfuata, mmoja akiwa amekwisha kuomba njia yangu. Tajiri alikaa, akateleza huku na huku kwenye kiti, akaegemea mlango, nikamzungusha mji mzima. Aliposhuka aliwageuzia wote mgongo.

"Angalia."

Kanzu ilikuwa nyeupe pe. Furaha ilinijaa.

"Nani nakufundisha?" tajiri akauliza.

Kwa tabia yangu ya siku zile, jibu la kwanza lililonijia lilikuwa: akili yangu. Nikalimeza.

"Mama mkwe wangu," nikasema kwa sauti, wote wasikie.

Mmoja akaanza kucheka. Tajiri akamtazama, naye akaacha. "Gari yenu nakuja mwezi ujao, na kiti kama hii," akawaambia wale watatu. "Endeni kwa yule mama."

Kesho yake niliondoka kwenda Elwak na ufunguo wangu. Nilipopita mbele ya nyumba ya mama mkwe, madereva watatu walikuwa wamekaa chini, kila mmoja na kitambaa chake mkononi, wakimsikiliza.