Kozi niliyoitunga ilimlazimisha baba ajishtaki mwenyewe

Admin, naomba jina langu lisionekane kabisa, maana watu wa Usangi tunajuana.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka thelathini na tisa, naishi Same mjini. Kazi yangu ni kutengeneza kozi za mtandaoni. Ya karibuni ni ya kuwafundisha waandishi wa miongozo, wale wanaomwandikia mkulima au mhudumu wa afya afanye nini hatua kwa hatua. Mwanafunzi anasoma, anaulizwa swali, anabofya jibu. Akikosea haendelei mbele mpaka apatie. Utaratibu huo niliuweka mimi, na niliringa nao kweli.

Nilihitaji mfano wa mwongozo mbovu, nikakumbuka makaratasi ya baba. Miaka ile ya shida baba aliandika masomo ya elimu ya watu wazima, mpaka mageuzi ya uchumi yalipokuja kitengo chao kikafungwa, akarudi kulima. Nikachukua ukurasa wake wa kutunza kahawa. Maandishi yamebanana juu mpaka chini, hakuna picha hata moja. Nilifuta jina lake, ruhusa sikumwomba. Nikauliza: "Kwa nini ukurasa huu haueleweki?" Jibu sahihi nikaweka: "Mwandishi hakumjali msomaji." Niliandika hivyo huku nakunywa chai, wala sikufikiria mara mbili.

Kozi ilipofunguliwa nikamtumia baba kiungo (link) kwa simu. Nilidhani ataangalia mwanzo tu, aniambie hongera. Kumbe mzee alijisajili akaanza kusoma.

Wiki iliyopita nakagua majibu ya wanafunzi, nakutana na jina lake. Kwenye swali lile alichagua "Sababu nyingine", akaandika: "Karatasi zilikuwa haba. Somo zima tulipewa ukurasa mmoja. Niliona heri maneno yabanane kuliko mkulima akose hatua." Kozi yangu ikamjibu: Si sahihi, jaribu tena. Akaandika: "Mwandishi alipita kwa wakulima kwa miguu kuwauliza kama wameelewa." Si sahihi, jaribu tena. Akakaa siku mbili bila kurudi. Aliporudi hakuandika kitu, akabofya: "Mwandishi hakumjali msomaji." Kozi ikamwambia: Hongera, umepatia!

Nililia pale ofisini mpaka wenzangu wakauliza nani amefariki.

Jumapili akanipigia. Nikamwamkia, "Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Somo lako nimelimaliza. Umefundisha vizuri sana. Sisi wakati wetu mambo haya hatukuyajua."

Nikasingizia mtandao unasumbua, nikakata simu. Mimi huyu, niliyesomeshwa kwa jembe lake!

Swali lile nimeshalifuta, lakini yeye alishalijibu. Hajui kwamba majibu ya wanafunzi nayaona. Nikimwambia nimeyasoma, naogopa kumuaibisha uzeeni, maana baba ni mtu wa kumeza maumivu yake kimya. Nikinyamaza, ana miaka themanini na presha inamsumbua, ataondoka duniani akiamini kwamba mwanaye ndivyo anavyomwona.

Jumamosi napanda milimani, nyumbani kwake Usangi. Ndugu zangu mnaosoma hapa, nitukaneni mkitaka, nastahili. Ila mniambie: nikishaketi mbele yake, nianze na neno gani?