Waya wa Taa ya Baiskeli

Siku ile tulikuwa baba, mama, wadogo zangu wawili, mimi, na mtu mmoja wa baiskeli tusiyemjua. Leo jirani ameunguza nyaya za gari lake, na moshi ule wa mpira umenirudisha kwenye barabara ya Luano.

Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo, na giza likiingia askari wa kizuizi cha barabarani walimpiga risasi yeyote aliyekuja bila taa. Jua lilikuwa limeshazama gari letu kuukuu lilipozimika ghafla, injini na taa pamoja. Baba alifungua boneti akakuta waya umeungua. Mama akaanza kusali.

Mtu yule alishuka kwenye baiskeli akicheka. "Mama, acha Mungu apumuzike. Ni waya tu njo ilikufa." Akakata waya wa taa ya baiskeli yake, akaufunga mahali pa ule ulioungua. Taa zetu zikawaka.

"Na weye, ndugu, utapita namna gani?" baba aliuliza.

"Nitasukuma kinga yangu, hii baiskeli, mu majani."

"Kesho nitakuletea waya mupya, hapa hapa."

Kizuizini walitupungia mkono tupite. Mbele kidogo tukasikia mlio mmoja, kama wa risasi, nyuma yetu.

"Ni motokari imelia," baba alisema.

Nyuma yetu hapakuwa na motokari.

Kesho yake baba alisimama pale na waya mpya mchana kutwa, mtu yule hakutokea. Wazazi walipofariki niliacha shule nilee wadogo zangu, na waya ule mpya ukabaki kwangu, haujakunjuliwa hadi leo. Baba aliahidi, na mtoto wake wa kwanza ni mimi.