Kulainisha Zulia

Neno "coach" lilinikuta njiani kama jina la utani linavyomkuta mtu, nami sikulikataa. Niliacha shule nikiwa darasa la tano, nikapita kazi nyingi bila kutulia katika hata moja: kupakia mihogo bandarini, kuchoma makaa, kuendesha toleka, baiskeli yetu ya abiria. Toleka ndiyo iliyonifikisha kwenye gofu. Nilipeleka abiria kwenye uwanja wa zamani, upande wa Tshopo, nikaona watu wazima na akili zao wakikifuata kijipira cheupe kati ya mashamba ya mihogo. Nilishindwa kuondoka bila kujua kwa nini. Nikaanza kuwabebea mifuko, kuwatafutia mipira iliyopotea, hadi nikajifunza kupiga. Klabu ilipotaka kufundisha watoto wa shule ya karibu, wachezaji wenyewe walikuwa na kazi zao. Mimi nilikuwa na nafasi.

Kwetu, pale penye shimo hakuna nyasi. Ni duara la mchanga uliochanganywa na mafuta machafu ya pikipiki, yale ambayo mafundi wanayamwaga, ili mvua isiubebe. Mpira ukipita unaacha mfereji, mguu ukikanyaga unaacha kishimo. Kwa hiyo kabla ya kupiga, kila mchezaji huvuta raklete, ubao wenye mpini mrefu, kutoka kwenye mpira wake hadi kwenye shimo, ajitengenezee barabara. Raklete ikiwa mikononi mwa mwingine, mtoto anapiga magoti na kulainisha kwa kiganja. Halafu anapiga kwa nguvu, maana mchanga ule unakula mwendo wa mpira. Niliwafundisha hivyo kwa sababu sikujua kama kuna namna nyingine.

Aliyewashinda wote alikuwa msichana mmoja, mtoto wa mvuvi wa Yanonge, aliyekaa Lubunga kwa shangazi yake na kuvuka mto kwa mtumbwi kila asubuhi kuja shuleni. Viganja vyake vilinuka mafuta ya pikipiki daima. Akishalainisha barabara yake, mpira ulikuwa kama umekwisha kuingia.

Kisha tukaambiwa kwamba bwana mmoja kutoka Kinshasa anapita mashuleni kuchagua watoto wawili, waende kufundishwa kwenye nyasi za kweli wakati wa likizo kubwa. Baba wa yule msichana alipanda mto kutoka Yanonge siku iliyotangulia. Siku yenyewe alivaa shati lake la kanisani, akakaa benchi la mbele pale uani kwa shule. Mama direktrisi, mwenye shule, aliniletea kiti cha ofisini kwake. Mimi, ambaye nilitoka shuleni bila kuaga, nikakaa mbele ya shule nzima.

Mgeni alitandika zulia refu la kijani uani, laini kama meza, na mwishoni kishimo kidogo. Nilimwita msichana wangu aanze yeye. Nilitaka wote waone mapema.

Aliweka mpira. Akatazama kushoto na kulia akitafuta raklete. Hakuiona. Akapiga magoti, akaanza kulisugua zulia kwa kiganja, polepole, kuelekea shimoni.

"Ee, anapanguza nyumba!" mmoja akapaza sauti.

"Mama, usisahau chini ya kitanda!"

Ua lote likacheka. Yeye aliendelea hadi mwisho, kwa sababu ndivyo nilivyomwambia siku zote: usikilize mpira, usisikilize watu. Akasimama, akapiga kama tunavyopiga kwetu. Mpira uliruka shimo, ukaruka zulia, ukaenda kugonga beseni la mama wa mikate karibu na ukuta.

"Nani anatupa mayai?" mama yule akafoka. "Mikate yangu haiombi mayai!"

Mpira wa pili aliupiga kwa woga, ukafa karibu na mguu wake.

Mgeni hakucheka. Afadhali angecheka. "Bon. Huyu mutoto, nani alimufundisha?"

"Iko coach wetu," msichana akajibu, akanionyesha kwa mkono wote, kama mtu anayeonyesha kitu kizuri.

"Coach, weye ulishachezaka kwenye majani?"

"Bado," nikasema.

Nilisema bado, kama vile ilikuwa imepangwa kesho. Kile kiti cha direktrisi kilinichoma. Nilitafuta mahali pa kuweka macho yangu, nikayaweka kwenye zulia, ambapo mstari wa mafuta ulionekana, kutoka mwanzo hadi shimoni.

Waliochaguliwa walikuwa watoto wa shule nyingine, walioletwa uani kwetu siku ile ile, ambao hawakuwahi kushika fimbo ya gofu. Waliigusa mipira kidogo tu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia wapige kwa nguvu.

Nilikuwa nasaidia kukunja zulia, ili nisitazamwe, baba wa msichana aliponijia na samaki wa moshi waliofungwa kwenye majani.

"Coach, kamata."

"Papa, hawakumuchagua."

"Niliona. Niko na macho."

"Donc peleka hii kwa shangazi yake."

"Mimi nilileta samaki ya coach. Ao weye si coach? Kama si weye, uniambie iko nani, nimupelekee."

Alikuwa anatania, au hakuwa anatania. Mpaka leo sijui. Nilipokea kwa mikono miwili.

Mimi nikiaibika mahali, huwa napanda boti. Nilishafanya hivyo katika miji mingi, na jioni ile nguo zangu zilikuwa zimekwisha kuingia kwenye mfuko. Lakini samaki wale walikuwa mezani. Sikuweza kuwaacha waoze, wala sikuweza kuwala na kisha kuondoka. Niliwala na pondu, majani yetu ya mihogo, mfupa kwa mfupa.

Kesho yake nilizunguka mji nikitafuta mahali ambapo mpira unakimbia. Nilijaribu vigae vya ukumbi wa parokia, mlinzi akanifukuza. Mwishoni nilimwomba mama direktrisi veranda ya shule, ambayo simenti yake imesuguliwa na miguu ya watoto hadi inang'aa. Nilimwambia mbele ya mwalimu wake wa michezo kwamba sijui namna ya kupiga polepole, na kwamba nitajifunza pamoja na watoto. Mwalimu akatazama pembeni. Direktrisi akanipa ufunguo wa lango.

Jumamosi msichana alivuka peke yake. Nilikuwa nimechora duara la chaki mahali pa shimo.

"Hapa tunapiga namna gani?" akauliza.

"Sijui. Jaribu kidogo, tuone."

Aliweka mpira. Mkono wake ukashuka wenyewe kwenye simenti, ukaanza kulainisha. Akaukamata kwa mkono wa pili, akaurudisha haraka, akanitazama kuona kama nimeona.

Nilikuwa nimeona. Niliinama, nikajifanya nafunga kamba za kiatu.