Mwandishi wa Ankober Asiyekosea

"Miaka thelathini na moja, sijaruka hata mstari mmoja," anasema Tilaye Wubalem, wala hakuna aliyemuuliza.

Ni saa tatu asubuhi, mjini Ankober. Ameketi mlangoni, jua begani, ngozi ya mbuzi ya kuandikia gotini, kalamu ya tete mkononi. Wino mweusi ni wa maneno ya kawaida. Mwekundu ni wa majina matakatifu. Hivyo ndivyo walivyoandika mababu tangu wafalme wa kwanza walipobatizwa, na Tilaye huwasema kama majirani.

"Walikuwa mafundi. Ila walikuwa wanasinzia."

"Na wewe je, mume wangu, hukoromi?" anadakia mkewe, Etaferahu, akichambua dengu.

Mwaka juzi kitabu cha sala cha kanisa lao kiliteketea pamoja na paa. Tangu hapo kimebaki kichwani mwa mtu mmoja: Aba Tsige, padri kipofu wa miaka themanini na mitatu. Akizikwa, kitazikwa naye.

Ndiyo maana padri amekuwa akitamka, naye Tilaye ameinama miezi kumi na minne akiandika juu ya ngozi themanini na sita, kwa ujira usiofika hata bei ya miwani.

"Miwani ni ya wazee," anasema. Ana miaka sitini na miwili.

Anatamani kitabu kiingie kanisani Pasaka hii, kisha amfundishe kazi binti yake, Mahilet.

Leo Aba Tsige amekuja kukikagua. Mwandishi anasoma, padri anasikiliza. Kosa likipita leo, wajukuu watalinakili.

Tilaye anasoma, kidole kikifuata maandishi. Wanafika kwenye sala ndefu ambayo kila mstari huishia kwa maneno yale yale. Katikati, sauti inakwama. Siku ile padri alipoitamka, miisho iliyofanana ilimchanganya Tilaye, akadhani mstari mmoja ameshauandika. Mstari wa kati haupo.

Anakohoa. Sala hii ameisikia kanisani tangu utotoni; anaukariri mstari kutoka kichwani, kisha anaendelea kama hakuna lililotokea.

Wanamaliza alasiri.

"Neno halikupungua, mwanangu," anasema Aba Tsige, machozi yakimlengalenga. "Sasa naweza kufa."

Tilaye anaanza kukusanya ngozi.

Etaferahu, asiyejua herufi hata moja, anaweka chini ungo wa dengu.

"Aba, usife kwanza. Pale alipokohoa, mdomo ulikwenda, kidole kilisimama."

Aba Tsige, aliyekwisha kushika fimbo yake, anaketi tena.

"Rudia pale, Tilaye. Safari hii nipe na kidole chako nikishike."