Mama wa Chungu Aliyekataa Kuachia

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize. Mimi nilikuwa mzima, sijalewa, saa tisa mchana, chumbani kwangu Bondeni, na mvua ilikuwa ile ya Kyela ambayo ukishaizoea huulizi itakatika lini.

Siku hizo nilikuwa naichukia kazi yangu. Nilikuwa nimeandika programu ya kupima maji ya mto na kuwatumia watu wa Talatala ujumbe wa simu yakipanda. Mama yangu anaishi huko, karibu kabisa na mto, na mvua za mwaka uliotangulia maji yalimwingilia mpaka jikoni. Kwa hiyo usinione mtu wa kuchezea kompyuta. Nilikuwa namtafutia mama yangu muda wa kukimbia.

Na programu ilikuwa inanifanya mjinga. Nikijaribu juani, ujumbe unafika safi. Mvua ikianza tu, mama anapokea "Maji yamepanda, ham" halafu takataka, tarakimu na alama zisizosomeka. Wiki tatu nzima! Nikabadilisha modemu, kile kifaa kinachotuma ujumbe, nikabadilisha waya, nikagombana hadi na mwenye nyumba ambaye hana kosa lolote.

Lugha ya kompyuta niliyoandikia programu ina mfagiaji wake. Kitu kisichoshikwa na yeyote kwenye kumbukumbu ya kompyuta anakizoa, na nafasi yake inapewa kingine. Lakini modemu inaendeshwa na programu ya lugha ya C, na C haimjui huyo mfagiaji. Wewe unaielekeza tu kwamba ujumbe uko pale, kachukue. Hayo yote niliyajua. Nilichoshindwa kujua ni nani kati yao ananidanganya.

Nikasikia hodi. Mlangoni amesimama mama mtu mzima, kitenge kimelowa, matope mpaka magotini, kichwani ana chungu kikubwa cha Wakisi, wale wafinyanzi wa Ziwa Nyasa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nitue, mwanangu."

Niliinuka shingo upande, nakiri. Nikakishika kile chungu kwa mikono miwili, kizito, kimejaa maji. Nikangoja aachie. Haachii.

"Achia, mama."

"Hujasema umeshika. Na usiseme kama hujashika."

"Si unaniona nimeshika?"

"Nakuona. Hujasema."

Hebu fikiria! Wiki tatu za mateso, halafu mtu nisiyemjua anakuja kunifundisha kupokea chungu. Ingawa kweli, nyumbani kwetu ndivyo tulivyolelewa. Anayepokea chungu cha maji husema "nimeshika", na anayetoa haachii kabla ya kusikia hivyo.

"Nimeshika!" nikasema, kwa ukali ambao naonea aibu hadi leo.

"Ndaga," akanishukuru, akaachia.

Nikakiweka chini kwenye kona, na hapo hapo nikaganda. Aliyekuwa anaachia mapema ni mimi! Nikishaipa C anwani ya mahali ujumbe ulipo, inanijibu "sawa" papo hapo, nami naachia. Kumbe sawa yake ilikuwa ya kupewa anwani tu, kusoma bado. Mfagiaji anakuta ujumbe hauna mwenyewe, anauzoa. Na mvua ikizidi vipimo vinakuwa vingi, takataka za kuzoa zinakuwa nyingi, naye mfagiaji anapita kila mara. Ndiyo maana juani sikuona kitu.

Nikageuka kumshukuru yule mama. Hayupo. Pale mlangoni alipokuwa amesimama sakafu ilikuwa kavu, hakuna hata unyayo mmoja wa tope. Niliogopa, tena sana, lakini mto niliuogopa zaidi. Nikaketi nikaandika upya: ujumbe ushikwe mahali ambapo mfagiaji haruhusiwi kugusa, uachiwe pale tu modemu itakaposema imemaliza kuutuma.

Kabla ya magharibi mto ulipanda. Ujumbe ukafika mzima: "Maji yamepanda, hameni sasa, kimbilieni shuleni." Nyumba ya mama ilizama mpaka madirishani. Yeye mwenyewe alifika kwangu kesho yake asubuhi, ana begi moja na kuku wawili, na nilipomwona nililia kama mtoto.

Halafu akakiona chungu. Kuku wakamponyoka.

"Hiki umekitoa wapi? Hiki ni cha Tupokigwe!"

Tupokigwe alikuwa jirani yake, aliyechukuliwa na maji katika zile mvua za mwaka uliotangulia. Hilo nililijua, ingawa yeye mwenyewe sikuwahi kumwona. Nisichokuwa nimeambiwa ndicho mama alichokisema akiwa amekaa sakafuni, macho chini.

"Tulikuwa tunahamisha vyombo, ananipitishia chungu hiki juu ya mfereji. Nikasema nimeshika, mwanangu, na sikuwa nimeshika. Nilikuwa na haraka. Kikaanguka majini, naye akakirukia."

Sasa mama anaishi kwangu. Chungu kipo kona ile ile, hatujathubutu kukitoa. Mvua kubwa ikinyesha Talatala, asubuhi tunakikuta kimejaa maji mpaka mdomoni. Mama hakigusi. Ninayeyamwaga ni mimi, na kila ninapokiinua nasema kwa sauti kwamba nimeshika.

Nawe unayenisikiliza, ukimpa mtu kitu usiachie kwa kuwa amekujibu sawa, mwangalie mikono. Na ukipokea wewe, usiseme umeshika kama hujashika. Mwenye chombo chake atarudi kuuliza.