Jalada la bluu walilomvika mdogo wangu, mwimbaji wa rap wa Bunia

Wakuu, salamu kwenu. Mimi humu ni msomaji tu, shule yangu iliishia njiani. Ninayoandika yalitokea nyumbani kwetu Bunia, mashariki ya Kongo, na sitaongeza chumvi. Yenyewe yanayo ya kutosha.

Wakati huo vita vilikuwa vimetulia. Nasema vimetulia, sikusema vimekwisha. Soko linafunguliwa, harusi zinafungwa, lakini mtu akichelewa kurudi toka kijiji cha Bogoro, nyumba nzima inanyamaza.

Nilikuwa nafanya kazi kwa mzee tuliyemwita Papa Désiré, mwenye duka la fotokopi na kompyuta. Yeye ndiye aliyetengeneza gazeti dogo la muziki la mji wetu. Mimi nilikunja kurasa na kuzibana pini.

Pale nilijifunza kwamba gazeti la muziki husikika kabla halijasomwa.

Kila toleo lilikuwa la muziki mmoja, na jalada lake. Rumba ilikuwa na herufi zilizojikunja kama nywele za bibi harusi, rangi ya dhahabu, na mtu mwenye suti amekaa mguu juu ya mguu.

Nyimbo za dini zilipewa bluu ya mbingu, miali ya mwanga, na mwimbaji anayetazama juu.

Rap ilikuwa nyeusi. Herufi nene zenye nyufa, picha ya uso karibu kabisa, macho yanakukazia wewe.

Baadhi ya wauzaji wetu sokoni hawakujua kusoma, lakini hawakuwahi kumpa mama wa kwaya gazeti la rap.

Mdogo wangu Faustin alikuwa anaimba rap. Mama hakuipenda.

"Hiyo haiko muziki, iko matusi na ngoma."

"Basi Mama, ucheze ngoma, matusi uniachie miye."

Mama alikuwa anacheka kwa pua, halafu anamnyima nyama.

Faustin aliuawa barabara ya Bogoro, juu ya pikipiki, akitoka kuimba. Waliomuua hatuwajui mpaka leo.

Ninyi mnaoishi kwenye amani labda hamtaelewa. Kwetu kijana akiuawa barabarani, watu hawaulizi tu nani kamuua. Wanauliza pia yeye alikuwa upande wa nani.

Papa Désiré akaamua kutoa gazeti la kumkumbuka. Kwanza alitengeneza jalada jeusi, kama ilivyo desturi ya rap. Akalichapa, akalitazama, akalifungia kwenye droo.

"Hii hapana, Georgette. Mutoto amekufa mu barabara, siye tunamuweka mu nyeusi, na herufi za kupasuka? Batu batasema alikuwa na bunduki."

Akatengeneza la bluu, lenye miali. Akachagua picha ambayo Faustin anatazama juu. Picha ile naijua. Alikuwa anatazama balbu, kuona kama umeme umerudi.

Nikamwambia, "Papa, huyu haiko yeye."

"Najua. Lakini huyu hakuna mutu atamusema vibaya."

Akalichapa pia kubwa, tukalitundika kwenye matanga, chini ya turubai.

Mama hajui kusoma. Alisimama mbele yake, akaligusa, akawaita wenzake wa kanisa.

"Muangalie! Mutoto wangu alikuwa amerudi kwa Mungu, na hakuniambia!"

Akalia upya. Kilio hicho kilikuwa chepesi kuliko cha kwanza.

Baadaye wakafika vijana waliokuwa wakiimba na Faustin. Walipoliona jalada, wakabaki ng'ambo ya barabara. Nikawafuata.

"Yaya, hii matanga ni ya nani?" mmoja akaniuliza; kwetu yaya ni dada mkubwa. "Siye tulikuja kwa Faustin. Yule pale ni wa kwaya."

"Na hizi kofia zetu," mwingine akasema, "bamama batatufukuza kama mbuzi."

Mama alikuwa anatuona. Akaniita.

"Bale batoto, juu ya nini habaingii?"

Ningeweza kusema wanaona haya. Nani angenilaumu? Lakini alikuwa ameniuliza.

Nikamwambia, "Mama, ile bluu ni ya Papa Désiré. Faustin hakurudi kanisani. Alikufa akitoka kuimba rap." Nikamweleza pia juu ya jalada jeusi, na kwa nini lilifichwa.

Akaweka kikombe chake cha chai chini.

"Ile ya kweli iko?"

"Iko."

"Ulete."

Papa Désiré akainuka. "Mama Georgette, batu batasema."

"Baseme. Miye nilizaa ule. Sitalia mwingine."

Tukalishusha la bluu, tukabandika jeusi, dogo tu, ukubwa wa gazeti. Vijana wakavua kofia, wakaingia. Akina mama kadhaa wa kanisa wakachukua mikoba yao wakaondoka, na viti vyao vikabaki vitupu mpaka mwisho wa matanga. Watu walisema, kama Papa Désiré alivyotuonya. Kuna jirani ambaye bado anazunguka njia nyingine ili asipite kwetu.

Mama alisogeza kiti karibu na jalada. Faustin alikuwa anamkazia macho, kama alivyomkazia mezani aliponyimwa nyama.

Mama akasema, "Ndiye."

Wakuu, simlaumu Papa Désiré, alitaka kutukinga. Ila nimejifunza kwamba anayechagua rangi na herufi anamtolea mtu ushahidi, na wengi watauamini bila kufungua ukurasa wa ndani.

Wewe ungetundika lipi? Nijibuni kwa ukweli, msinionee huruma.